MGENI AENDAYE TABORA: SALAMU, ADABU NA MANENO YA NJIA YA MISAFARA



Ndugu msomaji, kila zifikapo likizo za shule familia nyingi za Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar huelekea bara. Wapo waendao arusini, wapo waendao kuhani msiba, na wapo wazazi wanaowapeleka watoto wakaone mahali alikozaliwa babu yao. Safari hizo huandaliwa vizuri. Nauli hutafutwa mapema, nguo hushonwa, na zawadi hufungwa katika vikapu. Lakini lipo andalizo moja ambalo aghalabu husahauliwa, nalo ni kumfundisha mtoto, na pengine mzazi mwenyewe, namna ya kumwamkia mwenyeji wa huko na namna ya kukaa barazani kwake.

Makala haya yanamkusudia msafiri wa aina hiyo, khasa yule aendaye Tabora na vijiji vya Unyamwezi vilivyopitiwa na njia kuu ya misafara. Njia hiyo ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea kwa kupitia Uvinza hadi Ujiji, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Mwaka 2006 iliwekwa katika orodha ya awali ya mapendekezo ya urithi wa dunia ya UNESCO, na vituo vyake sita vikatajwa: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwihara iko kilomita chache tu kutoka Tabora mjini, na ndipo ilipo nyumba ya tembe aliyokaa Dk. David Livingstone hadi Agosti 1872. Wageni wengi huenda kuitazama nyumba hiyo, wakapiga picha na kurudi mjini kabla ya jua kuchwa. Si vibaya kufanya hivyo, ila anayeishia hapo amefika Unyamwezi bila ya kuonana na Wanyamwezi.

Nani aliyekuwa mwenyeji wa njia

Iko dhana iliyoota mizizi miongoni mwa ndugu zetu wa pwani kwamba njia ile ilifunguliwa na watu wa pwani peke yao, nao ndio waliopeleka huko bara kila kilicho cha adabu na ustaarabu. Dhana hii ndiyo inayomfanya kijana wa leo ashuke garini Tabora akiwa na yakini kwamba hana la kujifunza. Historia inasema vinginevyo. Wanyamwezi wenyewe walikuwa wakishuka pwani na pembe zao za ndovu mnamo mwaka 1800, kabla wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili hawajajenga nyumba zao Unyanyembe. Hata jina la Wanyamwezi ni la kupewa. Watu wa pwani waliwaita hivyo kwa kuwa walitokea upande wa magharibi, kule unakoandama mwezi. Wenyewe walijitambua kwa himaya za watemi wao, na kwa pande za dunia. Sukuma kwao ni kaskazini, na Dakama ni kusini.

Msafara ulikuwa na mila zake, na mila hizo kwa sehemu kubwa zilikuwa za Wanyamwezi. Aliyetangulia mbele alikuwa kirangozi, mara nyingi Mnyamwezi, akiwa amevaa mapambo ya kichwani na bendera ikipepea karibu naye. Nyuma yake walifuata wapagazi, kila mmoja na mzigo wake wa takriban frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Wengi wao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wakijua wakati wa kulima na wakati wa kusafiri, na wakijua pia kugoma pale walipodhulumiwa. Wengine walivuka hata Ziwa Tanganyika. Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi, alianzisha himaya ya Garenganze huko Katanga, akatawala hadi alipouawa Desemba 1891, na wafuasi wake ndio wanaojulikana hadi leo kwa jina la Wayeke.

Basi Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walipowasili Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, baada ya safari ya siku 134 kutoka pwani, aliyewapokea alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiomani mwenye elimu na heshima. Mengi aliyoyaandika Burton juu ya lugha na desturi za nchi ile aliyapata katika mazungumzo na mtu huyu. Naye Snay aliyapata wapi? Aliyapata kwa wenyeji, kwa kukaa nao miaka mingi na kujifunza lugha yao. Huo ndio uliokuwa mwendo wa watu wenye akili katika njia ile.

Ila mambo hayakubakia hivyo. Baada ya kufa Mtemi Fundikira, mrithi wake Mnwa Sele alitaka wafanyabiashara wamlipe ushuru. Wao wakamwondoa, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Vita vikazuka, biashara ikavurugika njia nzima, na Snay bin Amir mwenyewe akauawa katika vita hivyo. Kwa maoni yangu huo ulikuwa mwanzo wa kuharibika kwa ujirani wa Unyanyembe. Mtu aliyepewa kiwanja cha kujenga alijiona kuwa na haki ya kuchagua mwenye nchi.

Salamu

Tuje katika yale ambayo msafiri atayahitaji siku ya kwanza. Kiswahili kinatosha kabisa Tabora mjini, na Mwislamu atajibiwa salamu yake ya Kiislamu katika kila mtaa, uwe Gongoni, Ng'ambo, Isevya au Kanyenye. Lakini anayetoka mjini kwenda vijijini, au anayeingia kwa bibi kizee ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya sokoni, atafungua mlango wa moyo wake kwa maneno matatu au manne tu ya Kinyamwezi.

Asubuhi husemwa "Mwangaluka". Mchana na jioni husemwa "Mwadila". Mwenyeji akiulizia hali, jibu ni "Mhola", yaani salama, na neno hilo hilo hutumika kuulizia. Mama mtu mzima huitwa "mayu", na baba huitwa "baba" kama ilivyo katika Kiswahili. Kwa hiyo mtoto akisema "Mwangaluka, mayu" amekwisha kuonyesha adabu kamili. Akipewa kitu, hata kama ni maji ya kunywa, aseme "Wabeja", nayo ndiyo ahsante. Wasukuma, ndugu zao wa kaskazini, wanayafahamu maneno haya pia, hivyo faida yake haikomei Tabora.

Jambo la kuzingatia ni kwamba salamu huko haina haraka. Huulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za mazao na za njiani, na kila swali lina jibu lake kabla ya kufikia haja iliyomleta mtu. Kijana wa mjini ambaye hutupa neno moja akiwa anapita huhesabiwa kuwa ana ugomvi, au ana shida ya haraka. Huko vijijini bado utawaona wanawake wakipiga goti kidogo wanapowaamkia wakubwa, na wazee wakipiga makofi taratibu kwa viganja kama alama ya heshima. Binti yako asilazimishwe kuiga kila kitu. Inatosha ainame kidogo, apunguze sauti, asimpite mzee akiwa amesimama wima na macho kwenye simu. Shikamoo nayo inakubalika sana. Asili yake ni "nashika miguu yako", na kijana anayeitamka kwa kunong'ona kana kwamba anaona haya angejua maana hiyo pengine angeitamka vizuri.

Wako wanaouliza kama inafaa Mwislamu kutumia salamu za kikabila. Sioni tatizo. Salamu ya Kiislamu ina mahali pake na malipo yake, na salamu ya wenyeji ni katika kujuana, jambo ambalo aya ya 13 ya Suratul-Hujurat imelitaja kuwa ndiyo hekima ya kuumbwa kwetu mataifa na makabila. Mtu anaweza kuanza na "Assalaam alaykum" kisha akafuatisha "Mwangaluka" bila ya kupungukiwa na kitu.

Maneno yaliyobaki njiani

Mzazi anayependa kuwafurahisha watoto safarini na awaelezee maneno ambayo wanayatumia kila siku, nao hawajui kwamba yalitembea kwa miguu katika njia hii. "Safari" yenyewe ni ya asili ya Kiarabu, ikapita katika Kiswahili cha misafara, na leo imo hata katika Kiingereza.

Chukua neno "posho". Siku hizi tunaliambatanisha na vikao na semina. Zamani posho ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi, aghalabu kibaba kimoja cha nafaka, au kipande cha nguo au shanga ili akajinunulie chakula kijijini. Kwa ndugu zetu wa Uganda neno hilo limekuwa jina la ugali wenyewe, na Kenya kinu cha kusagia mahindi huitwa kinu cha posho. Mpagazi asipopewa posho hakuinua mzigo, na hapana aliyemlaumu.

Au neno "doti". Akina mama wananunua doti ya khanga, yaani vipande viwili. Katika misafara doti ilikuwa kipimo cha nguo, sawa na shuka mbili, na mishahara na malipo mengi yalihesabiwa kwa doti. Nguo yenyewe ilikuwa merikani, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, au kaniki, ile ya rangi ya giza iliyotoka India. Kwa hiyo mkulima wa Unyanyembe miaka ya 1850 alikuwa amevaa pamba ya Marekani kabla hajamwona Mmarekani yeyote.

Neno lililogeuka zaidi ni "hongo". Leo hongo ni rushwa, na hukumu yake haina mjadala. Katika njia ya misafara, khasa Ugogo, hongo ilikuwa ushuru uliotozwa waziwazi na watemi kwa kila msafara uliopita. Wasafiri waliilalamikia mno, kwani waliwekwa siku kadhaa wakisubiri makubaliano. Lakini Ugogo ni nchi kavu, na msafara wa mamia ya watu ulikunywa visima na kumaliza akiba ya nafaka. Kumtoza mpitaji hakukuwa wizi. Msafara uliokuwa na mtu mwenye kujua lugha na salamu za Wagogo ulipita upesi na kwa gharama ndogo, na ule ulioingia kwa kiburi ulilipa mara mbili, ama kwa nguo ama kwa damu. Jinsi neno hilo lilivyohama kutoka ushuru wa halali hadi kuwa jina la dhambi ni somo ambalo wanafunzi wetu wa lugha wangelifanyia kazi nzuri.

Liko pia neno ambalo halifai kurithiwa. Watu wa pwani waliojiita waungwana walikuwa na desturi ya kuwaita watu wa bara "washenzi". Uungwana ule uliacha athari yake, na hata Kiswahili cha mashariki ya Congo kiliitwa Kingwana kwa sababu hiyo. Ushenzi nao ulibaki kama tusi. Nimewahi kusikia watoto wa mjini wakilitumia katika matembezi, wakimkusudia mtu aliyewakaribisha maji. Mzazi aliyekuwa nao alicheka. Jambo hilo si la kuchekea.

Watani

Hapa ndipo wageni wengi wanapokwazika. Misafara ilipozoea kupita katika nchi za watu na kulala kwao miaka nenda miaka rudi, kulizaliwa utani baina ya makabila. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani wa kale. Mtani alikuwa bima ya msafiri. Mpagazi aliyeugua mbali na kwao alitunzwa na watani, na aliyekufa alizikwa nao. Pamoja na haki hiyo kulikuwa na ruhusa ya kutaniana kwa maneno makali na hata kuchukuliana vitu vidogo.

Basi familia ya Kizaramo ikifika Tabora isishangae mwenyeji akimvua baba kofia na kuivaa, akisema ni mali ya babu yake aliyeisahau Bagamoyo. Wala isishangae kuambiwa kwamba wamekuja kulipa deni la mizigo. Jibu lake ni mzaha kama huo huo, na kicheko. Anayekasirika huonekana hana malezi.

Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya mzaha na Maswahaba wake, ila hakusema isipokuwa kweli, na huo ndio mpaka wetu. Utani wa msibani, ambapo mtani hujilaza karibu na kaburi mpaka apewe chochote, umewatia masheikh wengine katika ukali. Rai yangu ni kwamba uzuiliwe pale unapochelewesha maziko au kuwaudhi wafiwa, lakini ile huduma ya watani ya kuchota maji, kupika na kuwaliwaza waliofiwa idumishwe, kwa maana ni katika wema ambao umma wetu unaupoteza mijini.

Kuingia nyumbani mwa mtu

Msafara mkubwa ulipoukaribia mji haukuingia kimya. Wapagazi walivaa nguo zao nzuri, bendera zikainuliwa, na bunduki zikapigwa hewani ili wenyeji wajue kwamba wanakuja wageni wala si maadui. Mwenyeji alipata muda wa kujiandaa. Katika vijiji vya Unyamwezi palikuwa na iwanza, nyumba ya pamoja ambamo wanaume walikaa kwa mazungumzo, na hapo ndipo mgeni alipotua kwanza, akasikilizwa habari zake kabla ya kuonyeshwa pa kulala.

Iwanza nyingi zimetoweka, lakini desturi yake imehamia chini ya mwembe. Miembe ya Tabora ilipandwa tangu enzi za misafara, na hadi leo kivuli chake ni baraza. Mgeni akikuta wazee wamekaa chini ya mwembe asipitilize hadi mlangoni. Asimame, awaamkie, ajieleze ni nani, ametoka wapi na anamtafuta nani. Kisha apige hodi mara tatu, na asipojibiwa arudi. Kwa Mwislamu hilo halina ugeni, kwani ndivyo sharia inavyotufunza kuomba idhini.

Chakula kikiletwa, kile. Huenda kikawa ugali wa mtama au wa muhogo kwa mlenda, au nsansa, ambayo ni majani ya kunde yaliyokaushwa. Watoto wataletewa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikaanikwa. Wako wasemao kwamba hata jina la Tabora limetokana na matobolwa hayo, kwa kuwa yalikuwa chakula cha wapagazi: hayaozi, mepesi kubeba, na yanashibisha. Yule asiyeyapenda na ayaonje tu. Kukataa kabisa chakula cha mwenyeji ni kumwambia kwamba nyumba yake haina usafi. Ama suala la nyama halina mashaka makubwa, kwa sababu ni desturi iliyoenea kwa wenyeji wasio Waislamu kumwita jirani Mwislamu achinje pindi wanapotarajia wageni. Muulize kwa upole, naye atakuambia ni nani aliyechinja, bila ya kuona vibaya.

Yasiyoulizwa

Limebaki jambo zito. Njia hii iliyopitisha pembe, nguo na salamu ilipitisha pia binadamu waliofungwa minyororo. Waliowauza na kuwanunua walikuwa wa rangi na dini mbalimbali, nao Waislamu wenzetu wakiwemo, na katika jambo hili sipendi maneno ya kuzungukazunguka. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini machungu hayakufungwa siku hiyo. Tabora na Ujiji zina koo zilizotokana na Waarabu, zilizotokana na watemi, zilizotoka Manyema, na zilizotokana na waliofikishwa hapo kwa nguvu, nazo zimeoana kwa vizazi vingi. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira, na mwanawe ameeleza habari hizo katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili.

Kwa hiyo mgeni asimuulize mwenyeji kwa udadisi: "Nyinyi asili yenu hasa ni wapi?" Kwako ni swali la kupitisha muda. Kwake huenda likawa ni kuamsha jambo ambalo bibi yake alikufa akilificha. Wala mtoto asiambiwe Kwihara kwamba kila mpagazi alikuwa mtumwa, kwani huko ni kuwavunjia heshima watu waliojivunia kazi yao. Mwenyeji akitaka kueleza ataeleza mwenyewe, aghalabu usiku, baada ya chakula, nawe usimkatize.

Na siku ya kuondoka, usiage ukiwa umekwisha kuvaa viatu. Aga siku moja kabla, ili wenyeji wapate nafasi. Asubuhi utakuta mfuko wa karanga, chupa ya asali ya miyombo na pengine kuku aliyefungwa miguu. Usiseme gari halina nafasi. Pokea kwa mikono miwili, sema "Wabeja", kisha uwaache wakusindikize, kwani watakusindikiza hadi mahali pa gari, na watabaki wamesimama hapo mpaka liondoke.